Nilivyojiandikia Namba Isiyo Yangu

Wapendwa, nashukuru kupewa nafasi kabla ibada haijafungwa. Karatasi hii mnayoiona mkononi si hotuba. Nimepanga humo ninayotaka kusema, maana nisipoandika nitaruka jambo. Mtanivumilia nikichungulia.

Wengi mnanijua kama yule mama wa kadi kule kituo cha afya. Mgonjwa anakuja, natafuta kadi yake, tabibu anaandika ugonjwa, na jioni naingiza kadi zote kwenye rejista. Kila ugonjwa una namba yake. Malaria ina namba, kuhara kuna namba. Wazee waliokuja wakisema, "Mwanangu, siku hizi nasahau," tabibu aliwaandikia "uzee," nami nikawatia kwenye mstari wa "mengineyo." Sikuwahi kujiuliza wanaishije huko nyumbani.

Halafu yakanifika mimi. Ilianza msimu wa kuchuma kahawa, nikiwa na miaka hamsini na tatu. Nasimama katikati ya makabati, jina la mgonjwa limenitoka. Namsalimia mtu asubuhi, baada ya saa moja namsalimia tena kama ndiyo kwanza tunaonana. Nilificha, ndugu zangu. Nilificha karibu miaka miwili. Nilikuwa naandika majina kwenye kiganja, mtu akinikaribia nakunja ngumi.

Siku moja wakaja akina mama wawili wenye jina moja, mmoja wa kijiji cha Itaka, mwingine wa Mbangala. Yule wa Itaka nikampa kadi ya mwenzake. Kadi yake mwenyewe ilikuwa na onyo la wino mwekundu kwamba penisilini inamdhuru. Niliyompa haikuwa na onyo lolote, na tabibu akamwandikia sindano ya penisilini. Mama yule alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha sindano alipoitazama ile kadi.

"Dada, mimi natoka Itaka," akamwambia muuguzi. "Mbona hapa pameandikwa Mbangala?"

Kama mama yule asingejua kusoma, leo nisingekuwa na uso wa kusimama hapa.

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, akaniita, akamwambia tabibu anipime. Tabibu alikuwa na foleni inayofika nje. Aliniuliza tarehe, nikakosea. Akaniuliza swali jingine, nikababaika. Akaandika, "Amechanganyikiwa akili." Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuingiza rejista, jioni ile niliketi mezani nikaandika jina langu mwenyewe, umri wangu, kijiji changu, na mbele yake namba ya wagonjwa wa akili. Nilishazoea kunakili tu.

Kesho yake nikaambiwa nikapumzike nyumbani. Habari zilifika kabla yangu. Nikiingia dukani watu wananyamaza. Hata hapa kanisani, msinichukie nikisema, kuna waliohama benchi. Wifi yangu akaja na shauri kwamba kuna mkono wa mtu, twende Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mtaalamu wa kienyeji. Nilikuwa tayari kwenda. Ukishaandikwa kichaa, unakubali lolote.

Mume wangu ndiye aliyekataa. "Tunakwenda Mbeya, hospitali kubwa," akasema. "Huyu aliyekuandika hivi hajaniuliza hata mimi ninayeishi na wewe."

Daktari wa kule alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Hakuwa na haraka.

"Mama, unapika mwenyewe?"

"Napika."

"Umewahi kuunguza chakula?"

"Mara mbili."

"Tano," mume wangu akasema.

Tukacheka wote watatu. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Akanitajia maneno matano niyashike, nikarudisha mawili. Akaniambia nichore saa, nikaichora vizuri. Akapima damu, akapima presha, kumbe presha ilikuwa juu wala sijui. Kisha akaandika ukurasa mzima kwa Kiingereza, akanigeuzia karatasi, akanisomea kwa Kiswahili: ana upungufu mdogo wa kumbukumbu, ulianza miaka miwili iliyopita, mume naye ameuona, anapika, analima, anajihudumia, hajachanganyikiwa, aendelee na kazi kwa kusaidiwa, arudi baada ya miezi sita.

"Ile namba uliyoandikiwa ni ya ugonjwa mwingine," akasema. "Huu una namba yake."

"Una namba?"

"Unayo, mama."

Nikalia palepale. Mtashangaa mtu kulilia namba. Lakini mimi kazi hiyo naijua. Kama ipo namba, basi wapo wengine kama mimi, wengi kiasi kwamba kuna mtu alikaa akawatengea mstari wao.

Siwadanganyi, hakuniahidi kupona. Alisema wengine huzidiwa, wengine hubaki vilevile, wengine hupata nafuu.

Nikarudi na barua. Kwenye rejista hatufuti, wapendwa. Tunapiga mstari mmoja juu ya kosa, tunaandika lililo sawa pembeni, na aliyekosea anatia sahihi. Tabibu aliupiga mstari ule kwa mkono wake. "Dada, nilikufanyia haraka. Nisamehe." Nikamjibu, "Na mimi nimewafanyia haraka wazee wangapi?"

Sasa nimerudi kazini. Kadi haitoki mkononi mwangu mpaka mgonjwa ataje jina na kijiji, na mwenzangu asikie. Dawa ya presha nameza simu ikilia kengele. Juzi huko Mbeya, katika yale maneno matano, nilirudisha matatu. Ahsanteni kwa vigelegele, lakini ni matatu tu! Na mzee akija analalamika kwamba anasahau, sasa tabibu anamuuliza tangu lini, nani mwingine ameona, nini bado anaweza kufanya mwenyewe. Yote yanaandikwa.

Namshukuru mume wangu. Namshukuru yule binti daktari, na tabibu aliyekubali kukosolewa. Namshukuru mama wa Itaka, ambaye angeweza kunishtaki, akaja kunijulia hali. Hata wifi yangu namshukuru, siku hizi ndiye anayenisindikiza kliniki.

Ukimpeleka mzazi wako hospitali, usikubali kurudi na neno "uzee" peke yake. Omba aulizwe, omba iandikwe. Na wewe uliyekaa hapo unaficha, unajijua. Mimi nilidhani nalinda kazi yangu, kumbe nilikuwa nahatarisha uhai wa mtu. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni, upande wa akina mama. Huna haja ya kunieleza mengi. Njoo tu usimame karibu nami, tutapanga siku ya kwenda hospitali.