Staa Amesema Atakuja

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko, mjini Tabora: benchi moja, birika moja la kahawa, na midomo mingi kuliko vikombe. Jana Bernardo, tunayemwita Honi kwa sababu kunong'ona hakujui, alikutana na msanii maarufu wa Dar kwenye kituo cha mafuta. Msanii Mzaramo, Honi Mnyamwezi; watani hao! Honi akamrukia, akamvua kofia, akamtaka aikomboe kwa kuja kuimba Jumamosi kwenye harusi ya bintiye. Msanii akacheka: "Nitakuja, mtani!" Honi kufika nyumbani tu, akamfuta kazi mwenye muziki wa kukodi.

— Huo mkono ulioshika kofia umeunawa? akauliza Sabiri Sindano, fundi cherehani.

— Nina wazimu? Ugali nakula kwa kijiko.

— Jamani, nikauliza mimi, kwani tukiona staa tunachanganyikiwa nini? Yule si anaumwa tumbo kama sisi?

— Yule ni ndugu yako, akasema Shilinde Mzinga, muuza asali. Kila siku yuko sebuleni kwako kwenye runinga, unakula anakutazama. Mkikutana, unashangaa mbona hakusalimii!

— Wapi! akapinga Sindano. Ni taa za kamera. Zinamwingia mwilini, akikupitia karibu, na wewe unawaka kidogo.

— Ndiyo maana jana mke wangu kaniongezea nyama! akadakia Honi.

— Tena mtu akipigwa picha sana anakuwa wengi, akasema Mzinga. Huyo wako huenda ni wa sita.

— Awe wa sita, awe wa saba, kofia ninayo!

Mara akatokea Advera, bibi harusi mwenyewe, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

— Shikamooni.

— Marahaba, bibi harusi!

— Baba, yule mtu alikuuliza jina?

— Jina la nini? Aliniita mtani!

— Sasa Jumamosi akishuka kwenye gari, ataulizia kwa nani?

— Si ataulizia kwa mtani wake… akaanza Mzinga, akajikatiza mwenyewe. Tabora yote hii, nani si mtani wake?

Sindano akachungulia kikombe kana kwamba kuna mtu kazama humo.

— Na mwenye muziki, baba, keshachukuliwa na harusi ya kule Isikizya.

Honi akatutazama mmoja mmoja, taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akanong'ona:

— Sindano, mdogo wangu, hivi wewe unaimba sauti ya ngapi?