Njia Aliyoipima Dada

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye mdogo wake marehemu, familia imesema nisome mimi kwa kuwa yeye ndiye aliyenilea, na mwanangu yuko mgongoni, nikienda mbio mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, kifungua mimba wa mama yetu fundi cherehani na hayati baba yetu fundi bomba, akasoma msingi na sekondari hapa hapa, akapata shahada ya jiografia mwaka 2012, akaajiriwa idara ya ardhi ya manispaa, na mwaka 2016 akarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya mipango miji na mikoa, wa kwanza katika ukoo wetu, na hilo nalisema kwa sauti ili hata walio nje ya turubai wasikie.

Utafiti wake ulikuwa juu ya mtaa huu huu, alitaka kila nyumba ifikiwe na gari la wagonjwa, basi akawa anashinda juani na futi kamba na vigingi, watoto wakamwita Mama Vigingi kabla hajawa mama wa mtu, na ramani ilipokamilika mstari wa njia ukapita katikati ya jiko la mama, mwalimu wake akamwambia anaweza kuusogeza kidogo, akakataa, akasema akimpendelea mama yake majirani atawatazama kwa macho gani, mama akamuuliza kama chuo kimemtuma kuja kuvunja sufuria, wakanuniana weee, kisha mama mwenyewe akang'oa bati la kwanza, na nanyi majirani mkaanza kurudisha nyua zenu nyuma, mmoja baada ya mwingine.

Alihitimu Novemba 2018, mama akamshonea gauni lililolishinda joho, Juni 2019 akaolewa na shemeji yetu mpima ardhi, tuliyekuwa tukimtania kwamba hata mke alimpima kwanza, wakajaliwa binti mmoja.

Dada alianza kuugua figo Januari mwaka jana, na Mei mwaka huu, akiwa amelazwa, mwanangu huyu alishikwa na degedege mchana, gari la wagonjwa likafika mpaka mlangoni, daktari akasema tungechelewa kidogo tu tungempoteza, na dada alipoambiwa alicheka na mipira yake ya dawa mkononi, akasema basi ile shahada imelipa, akatutoka tarehe 9 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa manispaa, walimu wake, na majirani wote, na wewe baba mdogo, uliyepanga matofali ya kibanda chako kwenye njia hii mwezi Julai, dada akiwa hospitalini, na leo asubuhi ukayahamisha kwa mikono yako ili gari lililombeba lipite, ahsante baba, ila naogopa, degedege hurudi, nakuomba mbele ya watu wote hawa, matofali yasirudi njiani.

Pumzika dada, kwa amani, umefika nyumbani kwa njia yako mwenyewe.