Bwana Nukta na Kurasa za Moto

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mhariri wetu wa maandiko ya kale anastaafu. Sisi wa chumba cha usahihishaji tumezoea kumwita Bwana Nukta, na mwenyewe huitika bila kinyongo.

Alianza hapa kama mpiga chapa, akapanda hadi kukabidhiwa kazi ambayo wengi waliikwepa: kuhariri maandiko ya Wakristo wa mwanzo yasiyoingizwa kwenye Biblia. Watu hudhani hawayajui. Kumbe ndiko yalikotoka majina ya babu na bibi yake Yesu, na habari ya Petro kusulubiwa kichwa chini miguu juu. Mwaka alipochapisha kijitabu kinachosema Injili hazitaji ng'ombe wala punda penye hori, mwalimu wa kwaya ya watoto aliingia ofisini amebeba kichwa cha punda cha maboksi cha igizo la Krismasi, akakitua mezani na kuuliza sasa akipeleke wapi. Bwana Nukta alimsihi arudi nacho. Punda amekaa pale karne nyingi, kumfukuza leo ni uonevu.

Lakini tuseme kweli, zilizotutetemesha ni kurasa za jehanamu. Baadhi ya maandiko hayo yanataja adhabu moja moja: kuna walioning'inizwa kwa ndimi, kuna wasengenyaji wanaotafuna midomo yao wenyewe. Na usahihishaji wetu hufanywa na wawili, mmoja akisoma kwa sauti, mwenzake akifuatilia kwenye nakala, na kila alama hutamkwa. Basi fikirieni mtu akitangaza kwa utulivu kwamba wanatafuna midomo yao, mkato, wala hawapumziki, nukta. Hakuna aliyetaka kuwa yule mwenzake wa kufuatilia. Mpanga kurasa wetu, ambaye umbea kwake ni chai ya asubuhi, wiki nzima hakumsengenya mtu.

Bwana Nukta hakutucheka. Aliogopa kuliko sisi, maana nyumbani alikuwa na mgonjwa. Mama yake mzazi alihubiriwa adhabu hizo tangu utotoni, akaamini kabisa kwamba zimo kwenye Biblia. Ujanani alimsingizia wifi yake wizi. Wifi akafukuzwa nyumbani, akafa kabla hawajapatana. Tangu mama huyo aanze kuugua, huziba midomo yake kwa shuka.

Mwaka jana mwanawe alimpelekea faraja mbili. Kwanza, kurasa zile hazimo kwenye Biblia. Watu waliziandika baadaye, zikaingia kwenye mahubiri na picha za ukutani. Pili, katika moja ya maandiko yale yale, watu wema wanawaombea walio motoni, nao wanatolewa. Mama alisikiliza hadi mwisho, akateremsha shuka.

“Na hiyo ya kutolewa, mwanangu, yenyewe imo?”

Ikabidi akiri kwamba nayo haimo. Mama akaipandisha shuka tena.

Alitusimulia kesho yake asubuhi, kabla hajashika kalamu. Mganga hajigangi: mtu aliyejibu maswali ya maaskofu alikosa neno la kumpa mama yake, na mpaka leo hajalipata. Ndiyo maana ameomba kuondoka miaka miwili kabla ya wakati. Mama anaogopa bado, na ameomba jambo moja tu, kwamba saa ile ikifika asiachwe peke yake. Sisi nasi tunaogopa kwa ajili yao, hatuoni haya kusema.

Bwana Nukta, ahsante kwa miaka yote uliyotufundisha kuuliza neno limetoka wapi kabla ya kumtishia nalo mtu. Tunakutakia afya, na siku nyingi na mama. Na siku hiyo ikija, ikukute umeketi palepale, mkono wake umo mkononi mwako, hata kama nyote wawili mnatetemeka.