Neno Ambalo Silvano Chilongani Aliomba Lirudishwe

Marehemu Mzee Silvano Ndahani Chilongani, 1938–1999

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamlaza Mzee Silvano tunaomba uvumilivu wenu. Wasifu huu unasomwa na binti yake, Dorkasi, lakini sehemu kubwa aliitamka mwenyewe akiwa kitandani, kwa sharti kwamba usipunguzwe hata mstari mmoja. Familia iliketi ikakubali, ingawa si kwa furaha, na mtaona kwa nini.

Alizaliwa Mvumi tarehe 14 Juni 1938, mtoto wa tatu wa Mzee Ndahani, mfugaji, na Mama Anjelina. Alianza shule ya misheni mwaka 1947. Nyumbani kilisemwa Kigogo tu, na kabla Kiswahili hakijamkaa sawasawa mdomoni akaletewa na Kiingereza. Mwaka 1954 mwalimu aliwataka waandike habari za mtu wanayemheshimu. Silvano akaandika kwamba mama yake ni noble, neno la Kiingereza alilolikuta kitabuni likimhusu mtoto wa mfalme. Mwalimu akalizungushia wino mwekundu, akauliza, "Alifanya nini?" Silvano akasimama akaeleza jinsi mwaka wa njaa uliotangulia, uji ulipobaki bakuli moja, mama alivyomnywesha kwanza mtoto wa jirani, na wa kwake wakangoja. Mwalimu akaandika vema pembeni. Tangu hapo Silvano hakumwandikia mtu neno la sifa bila kujiuliza swali lile.

Alianza ukarani mwaka 1958, na mwaka 1974 akahamia shirika moja la umma lililokuwa na karakana Kizota, akawa karani mkuu wa utumishi. Barua za sifa za wafanyakazi wanaoondoka aliziandika yeye, kwa Kiingereza, na waajiri wa mji huu walizisoma kwa makini kwa sababu yake. Alikuwa na daftari la jalada gumu alimopanga maneno kama ngazi. Chini kabisa good, yaani mwema, alimpa yeyote ambaye wenzake hawakujuta kufanya naye kazi, na hilo aliligawa kama karanga. Upright ni mnyofu, mtu asiyepinda hata akiachwa peke yake stoo. Honourable, mwenye heshima, alimwekea aliyetimiza ahadi iliyomuumiza. Virtuous, mwadilifu, aliliogopa kidogo, akisema linanukia kanisa, na kwa miaka kumi na tisa alilitoa mara mbili tu. Juu kabisa aliweka noble. Alieleza kwamba Waingereza wamelituma kazi mbili, ya ukoo na ya moyo, nasi tunazo mtukufu na muungwana. Yeye alilitaka kwa kazi ya muungwana. Eminent na Excellency, wanayoitwa wenye vyeo vikubwa, hakuyapa nafasi.

"Hayo ni maneno ya kiti, mwanangu," alimwambia Dorkasi. "Ukikaa unayakuta, ukiinuka unayaacha."

Wenzake walimtania eti kupata neno kwa Mzee Silvano ni kugumu kuliko kupata sukari enzi za foleni. Alicheka nao, lakini barua hazikuongezwa neno.

Tarehe 5 Septemba 1964 alifunga ndoa na Evarista. Katika barua ya uchumba alimwita decent, mtu wa staha. Evarista akairudisha, akitaka neno kubwa zaidi. Silvano akamjibu kwamba hajamwona akifanya jambo. "Basi nioe uone," Evarista akamwambia. Walijaliwa watoto wawili, Dorkasi na Sostenes.

Sasa tunafika pale marehemu alipotaka tufike. Mwaka 1993 shirika liliwekwa kwenye orodha ya kuuzwa, na vipuri vya mashine vikawa vinapotea stoo. Meneja, ambaye marehemu ameomba tusimtaje jina, aliwafukuza wafanyakazi tisa kwa wizi. Wa kwanza wao alikuwa Batholomeo, mtunza stoo, ambaye daftari la Silvano lilikwisha kumwita upright. Silvano alijua vipuri vilikokwenda. Hati za kutolea mali zilipita mezani kwake, na saini ilikuwa ya meneja mwenyewe.

Jumatatu tarehe 22 Machi meneja alimwita ofisini.

"Mzee Silvano, wanunuzi wanataka kujua mimi ni mtu wa namna gani. Niandikie ile honourable yako. Na noble uitie."

"Bosi, hilo la mwisho sijawahi kumwandikia mfanyakazi yeyote."

"Ndiyo maana nalitaka. Nyumba unayokaa si ya shirika, mzee wangu? Na mama watoto si anasubiri kupasuliwa hospitali kwa barua yetu ya malipo?"

Aliandika. Akasaini. Alipotoka alimkuta Batholomeo getini.

"Shikamoo mzee. Naomba na mimi barua, nikatafute kazi."

"Sina ruhusa, mwanangu," alijibu, akapita upesi. Hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu yeyote, na aibu ya jibu lile hakuisahau mpaka anakufa.

Shirika liliuzwa, meneja akawa mbia wa wenye mali wapya. Alimbakiza Silvano kazini na nyumbani, akampandisha na cheo. Nani angemwamini mtu aliyeandika jana noble, leo anasema mwizi? Saini yake mwenyewe ilikuwa imemziba mdomo. Mara mbili aliomba kustaafu, akajibiwa kwa upole kwamba nyumba huenda pamoja na kazi. Meneja akagombea udiwani, akashinda, akaitwa Mheshimiwa. Hilo Silvano hakulionea kinyongo, kwani ni la kiti. Lililomtesa ni lile la kwake, lililotiwa fremu pamoja na barua yake na kutundikwa ukutani ofisini, naye akawa analipita kila asubuhi kwa miaka sita. Tulimwona akifungua daftari na kulifunga bila kuandika. Baba alinasa, na sisi wanawe ndio tuliokuwa kamba: tulilala ndani ya nyumba ile, mama akapona ndani yake, na hatukumuuliza kitu.

Kisukari kilimwanza mwaka 1996. Februari mwaka huu alikatwa mguu wa kulia, na kufikia Oktoba figo zilikuwa zimechoka. Ndipo alipomwita mkewe.

"Mama Dorkasi, haya nikiyasema mtatolewa nyumbani."

"Kwani niliolewa na nyumba?" Evarista akamuuliza. "Sema, mtoto aandike."

Haya ndiyo aliyoyasema: "Mimi Silvano Ndahani Chilongani nilimwandikia meneja wangu honourable na noble. Nilijiuliza alifanya nini, jibu nikalijua, nikaandika kinyume chake. Nayarudisha maneno yote mawili. Batholomeo na wenzake wanane hawakuiba. Nilijua, nikanyamaza, na nyumba zao zikalala njaa. Ninawaomba radhi. Barua zao tisa ziko kwa Dorkasi, nimezisaini zote."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Evarista.

Mheshimiwa, uliye katika safu ya mbele, tunashukuru kwa kufika na kwa shada la maua. Kadi yake tumeiondoa. Inamwita marehemu noble, na yeye asingekubali kuandikiwa hivyo na mtu ambaye hakuuliza kwanza. Mizigo yetu ilitoka kwenye nyumba ya Kizota jana. Ufunguo anao Sostenes, atakukabidhi baada ya maziko.

Mzee Silvano ameacha mjane, Evarista, watoto wawili, Dorkasi na Sostenes, wajukuu watano, na dada yake, Edina. Ameacha pia watu tisa aliowakosea. Wawili walitangulia mbele ya haki kabla barua zao hazijaandikwa, na hilo halitengenezeki.

Palibaki neno la kuandika msalabani chini ya jina. Sisi tulimpenda mno, hatuwezi kuaminika. Jana tulimpelekea Batholomeo barua yake, tukamwomba achague yeye. Aliisoma mara mbili, mpaka chai ikapoa.

"Andikeni mwema," alisema. "La juu zaidi ya hapo siwezi. Hilo nitalitia saini."

Ndilo mtakaloliona pale. Baba, yale uliyoomba yarudishwe yamerudi, na hili ulilopewa limeulizwa kwanza. Pumzika sasa, kwa amani uliyoikosa miaka sita.