Tunaamini Ufu

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na ng'ambo ya barabara ndipo ulipo ukuta wa kanisa. Jumamosi ile mchana tulikuwa watano: mimi, Wembe kinyozi wa jirani, ambaye hajakanyaga kanisani tangu abatizwe, Mama Birika anayetuuzia kahawa, Shemasi, aliyehudumu kanisani humo miaka kumi na tisa, na Msanii, aliyepewa kazi ya kuandika ukutani mambo matano ambayo kanisa linaamini. Manne yalikuwa yameshakauka. Msanii akavuka kuja kunywa kahawa, akaweka karatasi ya mchungaji kwenye benchi. Wembe, ambaye hawezi kuongea bila kurusha mikono, akaongea. Kikombe kikapinduka. Jambo la tano likabaki maneno mawili tu: "Tunaamini ufu". Kilichofuata chote kilikuwa kahawa.

— Mpigie mchungaji, nikasema.

— Yuko kwenye maombi ya kufunga, simu kazima mpaka kesho, akajibu Shemasi. — Na kesho hiyo hiyo wageni wanakuja kuuona ukuta.

Msanii akamgeukia.

— Shemasi, si unaamini wewe? Niambie, niandike.

— Naamini kabisa! Kila Jumapili tunayasema.

— Basi sema.

Shemasi akasimama, akafumba macho, akaanza vizuri. Mungu, Maandiko, msalaba, ubatizo... Akarudi mwanzo, akaja mbio kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akakwama palepale.

— Huwa tunasema wote kwa pamoja, akajitetea. — Hapo mama mmoja wa kwaya huwa anatangulia, mimi namfuata.

— Mlete huyo mama.

— Kasafiri.

Wembe akaikagua karatasi kama daktari anayesoma picha ya kifua.

— Ufugaji, akasema. — Mna kuku wangapi nyuma ya kanisa?

— Kumi na wanane. Lakini Wembe...

— Mtu hafugi kuku kumi na wanane kwa jambo asiloliamini.

— Hapana, ni ufupi, akasema Mama Birika. — Ufupi wa mahubiri.

— Mama, Jumapili iliyopita tulihubiriwa kwa saa mbili na nusu!

— Ndiyo maana mnauamini tu. Hamjawahi kuuona.

Mimi nikasema ni ufunguo, maana mbinguni kuna mlango, na mlango wowote ninaoujua una kitasa. Shemasi akashika mfuko wa suruali bila kujijua, kwa kuwa funguo za stoo ya kanisa anazo yeye. Wembe naye hakuwa amemaliza.

— Nuhu alikuwa nani? Mfugaji. Alipakia wanyama wawili wawili, akawalisha mvuani. Daudi? Kondoo. Mbinguni kwenyewe simba analala na mwanakondoo, sasa nani anasafisha lile banda? Mfugaji! Shemasi, hivi unavyofagia baada ya ibada, unadhani unafanya nini? Unafanyishwa mazoezi.

Shemasi akaketi taratibu. Nikaona kabisa limemwingia.

— Tupige kura, akasema Msanii. — Rangi inakauka kwenye kopo.

— Imani haipigiwi kura! akapinga Shemasi.

— Basi itaje.

Ufugaji ukapata kura tatu, yangu ikiwemo, Mungu anisamehe. Msanii akavuka na brashi yake. Alikuwa ameshafika TUNAAMINI UFUG pale bwana mmoja alipopita, akasimama, akausoma ukuta tangu juu, midomo ikicheza. Shati lake jeusi lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu. Akavuka kuja kwetu.

— Shikamooni wazee. Nani wa kanisa hili?

Wote tukamtazama Shemasi.

— Nimemzika mke wangu juzi, akasema yule bwana. — Watu wananiambia pole, wanaondoka. Nimeona mmeandika mnayoyaamini, ila hamjamaliza. Nilitaka kuuliza. Nitamwona tena?

Wembe akaweka mikono yake mapajani. Sijawahi kuiona imetulia vile.

— Ufufuo, akasema Shemasi kwa sauti ndogo. — Ufufuo wa wafu. Ndilo lenyewe. Msanii! Futa hiyo G!

— Una uhakika? Msanii akapaza sauti toka ng'ambo.

— Futa!

Yule bwana hakugeuka kutazama ukuta.

— Na atanijua?

Shemasi akanitazama mimi, nikatazama kiatu nilichokuwa nakishona. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe. Hakikutoka kitu, akaendelea kuliinamisha.

— Ndugu yangu, akasema Shemasi mwishowe, — sijui. Nimeyasema maneno haya kila Jumapili miaka kumi na tisa, nikimngoja mama wa kwaya atangulie. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza.

Nilidhani bwana yule angekasirika. Alisogeza karatasi iliyolowa, akaketi katikati yetu, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

— Kesho ibada ni saa ngapi?

— Saa tatu.

— Nitakaa karibu na wewe, akasema. — Mkifika hapo, usimngoje mtu. Sema kwa sauti, nikusikie.