Nyaya Mbili za Darubini ya Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wafanyakazi wenzangu, shemeji yetu na watoto mliomsindikiza mzee, ndugu wageni waalikwa:

Nimepewa kazi ya kumuaga Fundi wetu wa vipokezi, aliyezihudumia darubini zetu za redio kwa miaka thelathini na moja. Wengi mmeisifu mikono yake. Mimi nitausifu ulimi wake.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa tunachunguza nguvu ya sumaku iliyo kando ya shimo jeusi, shimo linalojizungusha huku gesi ya moto ikilizunguka kama sahani. Je, sumaku ile imejipanga, kiasi cha kuizuia gesi isitumbukie yote na kuirusha nyingine nje kwa kasi ya kutisha, au imevurugika tu? Picha yangu ilionyesha vurugu tupu. Nikaandika makala, nikawatangazia wakubwa. Nani angenibishia?

Asubuhi ya kuituma, Fundi aliingia ofisini kwangu, kofia mkononi, akakataa kiti.

"Daktari, usiitume. Darubini ya tatu, nyaya mbili nilizipishanisha. Wa kulia niliuchomeka kushoto, ndiyo maana picha yako imevurugika."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi, na sasa wewe."

Angenyamaza, nani angegundua? Tulirudia hesabu wiki sita. Mistari ya sumaku ikajitokeza, imejisokota kulizunguka shimo, imepangika kama nywele zilizochanwa. Matokeo hayo ndiyo yaliyonipa uprofesa.

Na Fundi je? Alipewa barua ya onyo. Kikaoni nilikuwepo. Mkurugenzi wa wakati ule aliuliza kama kuna mwenye neno, nami nikatazama meza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho hiyo imechukua miaka tisa, na kila asubuhi Fundi amenisalimu vilevile: "Umeamkaje, Daktari?"

Shemeji, najua barua ile iliingia nyumbani kwenu. Wanangu, baba yenu alikosea mara moja, akasema mwenyewe, akijua kibarua kinaweza kuota nyasi. Katika jengo hili sijamwona mwingine aliyethubutu hivyo.

Ndugu Mkurugenzi, jana nilikuomba barua hiyo iondolewe kwenye faili lake, ukakubali. Nakushukuru. Lakini karatasi haitoshi. Fundi, mbele ya mkeo na wanao: nilikuwa mwoga. Naomba unisamehe. Usinijibu hapa kwa kuwaonea haya watu. Nijibu ukiwa tayari, hata kama jibu ni hapana.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia hadi neno hili la mwisho.