Alois Maganga na Haki ya Mbuke

Mzee Alois Maganga, tunayemzika leo, alizaliwa Ushirombo mwaka 1896, mtoto wa tatu wa mkulima Ngassa na mkewe Melania. Mapadre walimfundisha kusoma na kuandika hadi mwaka 1912, baba yake alipofariki.

Mwaka 1921 alimwoa Tereza, wakahamia huku upande wa Tinde kulima pamba. Tereza husimulia kwamba siku ya posa Alois alisahau maneno yote aliyofundishwa, akabaki kumwamkia "shikamoo" kila aliyepita, hata watoto.

Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa mzee wa baraza. Kazi hiyo ilimpa heshima, na ndiyo iliyomnyima raha.

Agosti 1949, mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji wa wakati ule, alimfunga kamba sokoni mjane aitwaye Mbuke, akidai amekataa kulima matuta yaliyoamriwa na serikali. Akamweka ndani siku tisa bila kumfikisha barazani. Siku ya sita mama yake Mbuke alifariki, akazikwa bintiye akiwa kifungoni. Baraza liliona wazi kwamba mwanangwa hakuwa na mamlaka hayo. Wazee wakapendekeza mjane afidiwe ng'ombe wawili.

"Ng'ombe siwataki," alisema Mbuke. "Mwanangwa asimame sokoni, mbele ya walioniona nimefungwa, aseme sikukosa."

Moyoni Alois alijua mama huyu anadai haki yake. Lakini alihofu kwamba mwanangwa akiaibishwa, hakuna atakayemtii tena. Akakubaliana na wenzake. Mbuke akawaacha ng'ombe pale pale nje ya baraza, akahamia Geita kwa kaka yake aliyefanya kazi mgodini.

Tangu hapo, kila aliyeonewa akifika barazani, marehemu alimuuliza kwanza, "Wewe mwenyewe unaona kitu gani kitakuponya?" Wenzake walichoka naye, ingawa mara mbili walikubali kuamua kama alivyotaka aliyeonewa.

Mwaka 1955 alisafiri hadi Geita kumwomba Mbuke radhi. Mbuke alimwamkia, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, Baba Anisia," alisema. "Ila huku hakuna aliyeniona nimefungwa. Maneno hayo ungeyasema kule sokoni."

Alirudi akiahidi kuyasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita, naye akasitasita. Mei 1956 alipooza upande wa kulia, ulimi ukawa mzito. Alitibiwa hospitali ya Kolandoto, na huko alifariki tarehe 11 Februari 1957.

Kabla ya kufariki alimwagiza bintiye Anisia, neno moja moja, kwamba haya yasomwe mbele ya watu wa soko lile, ambao wengi mko hapa: Mbuke hakukosa. Baraza lilijua, na Alois Maganga alijua.

Ameacha mjane, Tereza. Watoto Anisia, Donatus na Kamili. Na wajukuu saba.

Bwana amsamehe alipochelewa, ampe pumziko la amani.